Kuhariri Faili za Mbali: Zana Zichaguliwe kwa Siku Mtandao Unapokatika

Kuhariri maandishi yaliyo kwenye seva ya mbali ni kazi yenye pande tatu. Upande wa kwanza ni kompyuta iliyo mezani, ambayo kwa Watanzania wengi ni laptopu ya Windows. Wa pili ni seva yenyewe, ambayo mara nyingi huendeshwa na Linux na haina skrini wala kibodi iliyochomekwa. Wa tatu ni njia inayoziunganisha, nao ndio usioaminika kuliko yote. Mhariri hufungua dirisha la maandishi matupu, yaani terminali, na kuanzia hapo kila herufi anayoipiga huenda hadi kwenye seva na kurudi ndipo ionekane kwenye skrini yake.

Katika kata ya Maposeni, wilayani Songea, jirani na Peramiho, kazi ya namna hii inawezekana kabisa. Mfano ni kijana anayetunza tovuti ya chama cha msingi cha ushirika, yenye kutangaza bei za mnada wa ufuta, mbaazi na soya chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani. Tovuti iko kwenye seva ya kukodi Dar es Salaam au Ujerumani; yeye yuko Maposeni na laptopu inayopata intaneti kupitia simu. Mnada ukifungwa asubuhi, bei inatakiwa ibadilike mchana uleule. Mistari ya kurekebisha haizidi mitatu, lakini kazi ikikatikia njiani, wakulima watasoma bei ya jana.

Ushauri mwingi kuhusu zana za kazi hii umeandikwa na watu wanaoishi kwenye mtandao usiokatika. Wao hupima uzuri wa rangi, wingi wa vitufe na wepesi wa kusakinisha. Kwa Maposeni kipimo hicho hakifai. Swali la kwanza linalopaswa kuulizwa kuhusu kila zana ni hili: mtandao ukikatika katikati ya sentensi, nini kinabaki na nini kinapotea? Atakayelijibu vizuri atakuwa amechagua vizuri, na habari njema ni kwamba zana zinazofaulu mtihani huo hazidai shilingi hata moja.

Hali ya njia

Umeme wa Songea umepiga hatua kubwa. Kwa miaka mingi mji na vijiji vyake vilitegemea mitambo ya dizeli. Mwaka 2015 masista Wabenediktini wa Chipole walikamilisha mtambo wa maji wa Tulila kwenye Mto Ruvuma, wenye uwezo wa megawati 5, na mwaka 2018 laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako ikaiunganisha Songea na gridi ya Taifa. Hata hivyo umeme hukatika, na ukikatika betri ya laptopu huendelea wakati vifaa vingine vya mtandao vimezimika.

Mtandao nao una udhaifu wake. Tanzania imeunganishwa na dunia kwa mikongo ya baharini, ukiwemo SEACOM uliofika Dar es Salaam mwaka 2009 na EASSy ulioanza kazi mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu kwa wakati mmoja upande wa kusini, na nchi nzima ikajikuta na intaneti ya kusuasua. Matukio ya kila siku ni madogo zaidi: mnara umezidiwa, bando limekwisha, simu imehama kutoka mnara mmoja hadi mwingine na kupewa anwani mpya ya mtandao.

Umbali nao hauna dawa. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya baharini kutoka pwani ya Tanzania hadi Ujerumani ni kama kilomita 10,000, hivyo kwenda na kurudi kwa herufi moja kunakula karibu milisekunde 100, kabla ya kuhesabu mnara wa simu na mitambo ya njiani. Ucheleweshaji huo huonekana kwa macho: kidole kimeshapiga herufi tatu, skrini bado inaonyesha ya kwanza. Seva iliyo Dar es Salaam hupunguza tatizo hili kuliko programu yoyote, na anayeanza kukodi seva kwa ajili ya wasomaji wa Tanzania anafaa kulipima jambo hilo kabla ya kutazama bei.

Lango la kuingilia

Njia salama ya kufika kwenye seva ni SSH. Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, aliibuni mwaka 1995 baada ya wezi wa manenosiri kuuvamia mtandao wa chuo chake. Kabla ya hapo watu walitumia telnet, ambayo hupitisha nenosiri waziwazi. SSH husimba kila kitu, na tangu mwaka 1999 mradi wa OpenBSD umekuwa ukitoa toleo lake huria, OpenSSH, ambalo leo ndilo linalotumika karibu kila mahali.

Kwa miaka mingi Windows haikuwa na SSH yake, na pengo hilo lilizibwa na PuTTY ya Mwingereza Simon Tatham, iliyotolewa kwa umma mwaka 1999. PuTTY ni faili moja ndogo, huendeshwa hata kwenye kompyuta kuukuu, na inaweza kubebwa kwenye flashi. Bado ni chaguo halali kwa laptopu za zamani zenye Windows 7. Lakini ina desturi zake: huhifadhi funguo kwa muundo wake wa pekee, na kubofya kitufe cha kulia cha kipanya hubandika papo hapo chochote kilichonakiliwa. Anayebofya bila kukusudia anaweza kumwaga mistari ishirini ya maneno katikati ya faili ya mipangilio. Zaidi ya hapo, matoleo ya 0.68 hadi 0.80 yalikuwa na kasoro katika funguo za aina ya P-521, iliyorekebishwa katika toleo 0.81 la Aprili 2024. Nakala ya PuTTY inayozunguka mitaani kwenye flashi, isiyojulikana ilikotoka, haifai kuaminiwa.

Tangu Windows 10 ya mwaka 2018, OpenSSH huja ndani ya Windows yenyewe. Kuhakikisha ni rahisi: hufunguliwa PowerShell na kuandikwa ssh -V; namba ya toleo ikitokea, hakuna cha kupakua. Dirisha linaloifaa ni Windows Terminal, iliyofikia toleo 1.0 Mei 2020 na ambayo katika Windows 11 ndiyo terminali ya kawaida. Windows Terminal huonyesha herufi za Unicode, hufungua madirisha kadhaa kwa vichupo, na huuliza kabla ya kubandika mistari mingi kwa mkupuo. Kwa laptopu yoyote inayoweza kuiendesha, jozi ya OpenSSH na Windows Terminal ndiyo inayostahili kuwa chaguo la kwanza. Inatumia funguo na faili za mipangilio zilezile zinazotumika kwenye Linux, na anachojifunza mtu hapa hakimpotei akihamia kompyuta nyingine.

Mipangilio huandikwa mara moja katika faili iitwayo config ndani ya folda ya .ssh. Humo seva hupewa jina fupi, kwa mfano soko, pamoja na anwani yake na jina la mtumiaji. Mstari mmoja una thamani ya pekee kwa mtandao wa simu: ServerAliveInterval 30. Mitambo ya kampuni za simu hufunga njia iliyokaa kimya. Mstari huu hutuma ishara ndogo kila baada ya sekunde 30 ili njia ionekane hai. Seva isipojibu mara tatu mfululizo, yaani kama dakika moja na nusu, programu hukata yenyewe na kumwachia mtumiaji aunganishe upya, badala ya kumwacha akitazama skrini iliyoganda.

Ufunguo kwanza, nenosiri baadaye

Seva yoyote iliyo kwenye intaneti hujaribiwa usiku na mchana na mashine zinazobahatisha manenosiri. Kinga yake ni jozi ya funguo: ule wa siri hubaki kwenye laptopu, ule wa wazi huwekwa kwenye seva. Amri ssh-keygen -t ed25519 huitengeneza kwa sekunde chache. Ufunguo wa siri ni lazima ufungwe kwa maneno ya siri, kwa sababu laptopu huibiwa, huazimwa na hupelekwa kwa fundi. Baada ya kuthibitisha kwamba ufunguo unafanya kazi, uingiaji kwa nenosiri huzimwa kwenye seva.

Mara ya kwanza kuunganisha, SSH huonyesha alama ya utambulisho wa seva, msururu wa herufi unaoanza na SHA256, na kuuliza kama iaminiwe. Wengi huandika yes bila kusoma. Alama hiyo inapaswa kulinganishwa na ile inayoonyeshwa kwenye ukurasa wa kampuni iliyokodisha seva. Na siku SSH ikipaza sauti kwamba alama imebadilika, kazi husimama hadi sababu ijulikane.

Kikao kisichokufa

Hapa ndipo uzito wote wa uchaguzi ulipo. SSH ya kawaida hutegemea muunganisho mmoja. Simu ikipewa anwani mpya, muunganisho hufa, na kihariri kilichokuwa wazi huzimika pamoja nao. Dawa ni tmux, programu iliyoanzishwa na Nicholas Marriott mwaka 2007, ambayo huendeshwa upande wa seva. Kihariri hufunguliwa ndani ya tmux, na tmux haijali kama kuna mtu anayetazama. Mtandao ukikatika, faili hubaki wazi, kishale kikiwa palepale kilipoachwa. Ukirudi, mtumiaji hujiunga tena na kikao chake na kuendelea na neno alilokuwa akiliandika.

Amri moja hutosha: ssh -t soko tmux new -A -s kazi. Huingia kwenye seva, hutafuta kikao kiitwacho kazi, hujiunga nacho kikiwapo na kukiunda kisipokuwapo. Amri hiyo ikiwekwa kama wasifu ndani ya Windows Terminal, hata asiyejua tmux hupata faida yake kwa kubofya mara moja. Anayetaka kutoka kwa hiari hubonyeza Ctrl+B, kisha D.

Programu ya Mosh huenda hatua moja mbele. Ilitolewa mwaka 2012 na Keith Winstein na Hari Balakrishnan wa MIT, Marekani. Hutumia itifaki ya UDP, hustahimili kubadilika kwa anwani, na huonyesha herufi mara tu inapopigwa kwa kubashiri jibu la seva, hivyo ucheleweshaji hausumbui tena macho. Vikwazo vyake kwa mtumiaji wa Windows ni viwili: haina toleo rasmi la Windows, hivyo huhitaji WSL, yaani Linux ndani ya Windows, au programu kama MobaXterm; na seva ni lazima ifungue milango ya UDP kati ya 60000 na 61000. Kwa anayefanya kazi kila siku kwenye seva ya Ulaya, usumbufu huo unalipa. Kwa anayeingia mara mbili kwa wiki, tmux pekee inatosha.

Kihariri chenyewe

Kihariri cha kuanzia ni nano. Huonyesha amri zake chini ya skrini, na mtu anayejua kuchapa anaweza kukitumia siku hiyohiyo: Ctrl+O kuhifadhi, Ctrl+X kutoka. Hakuna aibu kubaki na nano kwa miaka. Bei tatu za mnada hazihitaji zaidi.

Anayekaa na kazi hii kwa muda mrefu atafaidika na Vim, na sababu yake ni ya kihistoria. Babu yake, vi, aliandikwa na Bill Joy huko Berkeley, Marekani, mwaka 1976, kwa modemu ya baud 300. Kasi hiyo ni kama herufi 30 kwa sekunde. Kuchora upya skrini ya mistari 24 yenye herufi 80 kungechukua zaidi ya dakika nzima. Ndiyo maana amri zake ni fupi na zina nguvu: dd hufuta mstari, /ufuta huruka hadi neno hilo, na :%s/3250/3410/gc hubadilisha bei ya zamani kwa mpya faili nzima huku ikiuliza kila mara. Zana iliyozaliwa kwenye njia nyembamba namna hiyo haipati taabu na mtandao wa simu wa Ruvuma. Vim pia huandika faili ya akiba pembeni, na seva yenyewe ikizimika, vim -r hurejesha karibu yote yaliyokuwa hayajahifadhiwa.

Vim ina undugu wa kweli na Afrika Mashariki. Mholanzi Bram Moolenaar, aliyeitoa kwa umma mwaka 1991, alifanya kazi ya maji na usafi wa mazingira huko Kibaale, kusini mwa Uganda, mwaka 1994. Baadaye akaanzisha taasisi ya ICCF Holland kuwasaidia watoto wa huko, na hadi leo Vim ikifunguliwa bila faili huonyesha ujumbe wa kuwachangia watoto wa Uganda. Moolenaar alifariki Agosti 2023, na toleo 9.1 la Januari 2024 lilitolewa kwa heshima yake.

Vitufe vinavyopotosha

Mtu aliyezoea Windows hubeba mazoea yanayogeuka mitego ndani ya terminali. Ctrl+S, ambayo kwake ni kuhifadhi, husimamisha skrini. Huonekana imeganda hadi ibonyezwe Ctrl+Q. Ctrl+C haikopi kitu kisichochaguliwa bali hukatisha programu. Njia salama ya kunakili na kubandika katika Windows Terminal ni Ctrl+Shift+C na Ctrl+Shift+V. Ctrl+Z hairudishi nyuma kosa, bali huilaza programu, na amri fg huiamsha. Katika Vim, Ctrl+V ya kuchagua safuwima hunyang'anywa na Windows Terminal kwa kubandika. Ctrl+Q hufanya kazi hiyohiyo.

Mtego wa pili uko ndani ya faili. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, Linux kwa moja. Skripti iliyoandikwa kwenye Windows na kupelekwa kwenye seva inaweza kukataa kuendeshwa, ikilalamikia ^M mwishoni mwa mstari wa kwanza. Katika Vim, :set ff=unix kisha kuhifadhi humaliza tatizo.

Kiswahili kina mtego wake pia. Neno ng'ombe likiwekwa kwenye msimbo wa PHP ndani ya alama moja za nukuu, alama iliyo baada ya ng hufunga nukuu kabla ya wakati, na ukurasa mzima unaanguka. Na likinakiliwa kutoka Word, alama hiyo huwa imeshapindwa, hivyo utafutaji wa ng'ombe kwenye tovuti kwa alama iliyonyooka hauyaoni maneno yenye alama iliyopindwa. Kwa sababu hiyo maandishi yanayokwenda kwenye seva yaandikwe kwenye kihariri cha maandishi matupu tangu mwanzo, na kuhifadhiwa kwa UTF-8.

Zana za dirisha

Visual Studio Code ina kiongezo cha mwaka 2019 kinachofungua faili za seva kana kwamba ziko mezani. Mtandao ukiwa mzuri, ni zana bora, na uchapaji wake hauchelewi kwa kuwa herufi huonekana papo hapo kwenye laptopu. Lakini husakinisha programu yake kwenye seva, huipakua upya toleo linapobadilika, na kila mara ni makumi ya megabaiti. Kwa seva, kiwango cha chini kinachotakiwa ni gigabaiti 1 ya kumbukumbu, na gigabaiti 2 ndizo zinazopendekezwa. Seva ndogo ya bei nafuu inaweza kuzidiwa, na tovuti ikaanguka kwa sababu ya zana ya kuihariri.

WinSCP ni njia ya kati: hushusha faili, huifungua kwenye Windows, na huirudisha kila inapohifadhiwa. Inafaa kwa faili moja moja, ila mtandao ukikatika wakati wa kupandisha, ni lazima kuhakikisha kilichofika.

Kwa maandishi marefu, kama makala au msimbo wa siku nzima, njia bora ni kutohariri mbali kabisa. Kazi hufanyika kwenye laptopu, mtandao uwepo usiwepo, kisha Git, iliyobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005, hupeleka mabadiliko tu. Terminali ya mbali ibaki kwa mipangilio, marekebisho ya haraka na uchunguzi wa hitilafu.

Mpangilio unaopendekezwa

Kwa hali ya Maposeni, mpangilio unaofaa ni huu: Windows Terminal na OpenSSH, au PuTTY mpya kwa laptopu kuukuu; ufunguo wa ed25519 wenye maneno ya siri; tmux kwenye seva; nano kwa kuanzia na Vim kwa anayedumu; Git kwa kazi ndefu. Matumizi ya bando ni madogo, kwa kuwa kinachopita ni maandishi tu.

Nidhamu huambatana na zana. Kabla ya kugusa faili ya mipangilio, hutengenezwa nakala yake. Kabla ya kuwasha upya huduma, faili hukaguliwa: nginx -t kwa seva ya tovuti, sshd -t kwa SSH yenyewe. Anayebadilisha mipangilio ya SSH huacha dirisha la pili likiwa limeunganishwa hadi athibitishe kwamba anaweza kuingia upya, maana hakuna wa kutoka Maposeni kwenda Ujerumani kuchomeka kibodi.

Ujuzi huu unastahili kufundishwa katika vyuo vya ufundi, VETA Songea ikiwemo, na katika klabu za kompyuta za sekondari. Hautaki maabara ya gharama. Unataka laptopu iliyotumika, seva moja ndogo ya kushirikiana na mwalimu anayejua. Mwanafunzi wa Ruvuma akiumudu, hana haja ya kuhamia Dar es Salaam ili kutunza seva ya mtu wa Dar es Salaam.

Na kabla ya kuuamini mpangilio wowote, upimwe. Hufunguliwa faili ya majaribio, huandikwa nusu ya sentensi, kisha data ya simu huzimwa kwa dakika tano bila kuhifadhi chochote. Data ikiwashwa na amri ileile ikarudiwa, sentensi inapaswa kuwa palepale ilipoachwa, ikisubiri kumaliziwa. Mpangilio unaofaulu jaribio hilo unafaa kwa kazi ya Maposeni. Unaoshindwa urekebishwe kabla ya siku ya mnada.